Mtoto amegoma kunywa maziwa? Mwonjeshe jibini isiyo kali

Mwanangu wa mwisho aligoma kunywa maziwa alipokuwa na miaka miwili na nusu. Hakusema kitu, alifunga mdomo tu na kugeuzia uso ukutani. Nikayatia sukari, akakataa. Nikamnunulia kikombe chenye picha ya simba, akakipenda kikombe na kumwaga maziwa. Nilipoyachanganya kwenye uji, akaukataa na uji wenyewe. Kila mwezi alipopandishwa kwenye mzani kliniki, aliyetokwa jasho nilikuwa mimi.

"Mama, maziwa si lazima yanywewe," muuguzi aliniambia siku moja. "Mpe mtindi. Au jibini, kama unaimudu."

Nikapita supamaketi jioni hiyohiyo. Nilichukua kipande cha njano, kigumu, kilichoandikwa kwamba kimekomaa miezi 18. Nilidhani kukomaa ni sifa, kama ya embe. Kwa bei yake ningepata kilo ya nyama na nauli ya kurudi nyumbani. Mtoto alionja, akatema kwenye kiganja changu, akaanza kulia. Baba yake naye alinusa akasema inanuka soksi. Kikarudi kwenye friji, kikakaa humo mpaka kikaota ukungu.

Aliyeniokoa ni mtu ambaye sikumtarajia. Mama mkwe alishuka kutoka Njombe na mzigo wake wa kawaida: viazi, maparachichi na maneno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mjukuu wangu shingo imekuwa nyembamba hivi?"

Nikamweleza habari ya maziwa na ile jibini. Akacheka, akafungua mfuko akatoa kitu cheupe kilichofungwa kwenye karatasi. Kumbe na yeye ana jibini! "Kule kwetu kuna kiwanda," alisema. "Maziwa tunapeleka sisi, jibini tusiile kwa nini? Ila wewe ulinunua ya wazee. Mtoto anaanza na hii changa, haina ukali."

Akachemsha kiazi, akakata jibini nyembamba kama ukucha, akaiweka juu ya kiazi cha moto mpaka ikalegea. Akaanza kula mwenyewe, wala hakumtazama mtoto. Alipofika nusu ya kiazi, mkono mdogo ulikuwa umeshafika kwenye sahani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizia, nikionja na kusoma lebo. Haya ndiyo niliyojifunza, kwa faida ya mzazi mwenzangu aliyewahi kutemewa jibini kiganjani.

Ukali wa jibini unatoka wapi?

Jibini nyingi huanza namna moja: maziwa hugandishwa, maji yake yakachujwa, kikabaki kile kigumu chenye protini, mafuta na kalsiamu. Kwa jibini ngumu, kilo moja huhitaji karibu lita 10 za maziwa, na ndiyo maana bei yake haishuki.

Tofauti ya ladha huletwa zaidi na mambo matatu. La kwanza ni muda. Jibini inapokaa miezi ghalani, protini na mafuta yake humeng'enywa polepole, na hapo ndipo ladha kali na harufu nzito zinapozaliwa. Ya wiki chache bado inaonja maziwa. La pili ni ukungu unaopandwa makusudi, kama ule wa jibini yenye mistari ya bluu. La tatu ni uchachu: bakteria hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na sukari ikiwa nyingi, uchachu nao huongezeka.

Kwa hiyo ukiwa dukani usiangalie rangi. Jibini ya njano inaweza kuwa pole na nyeupe ikawa kali. Tafuta neno la umri. Iliyoandikwa changa, au iliyokaa wiki chache, ndiyo ya kuanzia. Ikiwa duka lina mtu anayekata jibini kwa kupima, mwombe kipande cha kuonja kabla ya kulipa. Wengi hawakatai.

Tano za kuanzia

Mozzarella. Hii watoto wengi wanaijua kwa jina la pizza. Asili yake ni kusini mwa Italia, na huko ya jadi hutengenezwa kwa maziwa ya nyati wa kufugwa. Bonge la maziwa yaliyoganda hulainishwa kwenye maji ya moto na kuvutwa kama unga wa chapati, ndiyo sababu ikiyeyuka hunyooka kama uzi. Ladha yake ni kama ya maziwa yenye chumvi kidogo. Nyunyiza kwenye mayai ya kukaanga dakika ya mwisho.

Gouda changa. Hii imepata jina kutoka mji wa Gouda, Uholanzi, ilikokuwa ikiuzwa sokoni tangu zamani. Siri ya upole wake ni kuoshwa. Watengenezaji hupunguza yale maji ya maziwa na kuongeza maji ya moto, hivyo sehemu ya sukari huondoka kabla bakteria hawajaigeuza kuwa asidi. Edam, ile ya duara ambayo mara nyingi huvikwa nta nyekundu, ni ndugu yake. Kwangu hii ndiyo ya kikopo cha shule, maana hukatika vizuri na haivuji.

Ricotta. Hii hutengenezwa kwa kuyachemsha tena yale maji yaliyobaki baada ya kutoa jibini nyingine, na jina lenyewe kwa Kiitaliano maana yake ni kupikwa tena. Ni laini na ina utamu wa mbali. Mpakie mtoto kwenye mkate, juu yake uweke ndizi mbivu iliyopondwa. Usipoipata, jibini ya kupaka isiyotiwa viungo hufanya kazi hiyo.

Paneer na halloumi. Paneer ya Wahindi na halloumi ya Kipro hazitoki nchi moja, lakini zina tabia moja: zikipata moto hazimwagiki. Unaweza kuzikaanga au kuzichoma kwenye mshikaki pamoja na hoho na nyanya. Paneer karibu haina chumvi. Halloumi ina chumvi nyingi, hivyo iloweke kwenye maji kwa saa moja hivi kabla ya kuipika, na kwa mtoto mdogo isiwe ya kila siku.

Cheddar changa. Hii ya Kiingereza ina sura mbili. Ya miezi mitatu hivi ni pole na huyeyuka vizuri kwenye viazi. Ya mwaka mmoja na zaidi ndiyo huuma ulimi. Kile kipande changu cha miezi 18 kilikuwa cha ukoo huu, na sasa najua kosa halikuwa la jibini.

Zipo na za hapa kwetu

Si lazima ununue iliyopanda ndege. Nyanda za juu zenye baridi na ng'ombe wa maziwa zimekuwa zikitengeneza jibini kwa miaka mingi. Njombe kuna kiwanda kilichoanza kwa msaada wa Waitaliano, na Kenya hutengenezwa Limuru. Rwanda wana ile ya Gishwati. Kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, wafugaji hutengeneza jibini ya duara inayofanana na gouda, ufundi ulioletwa na watawa wa Kibelgiji miaka ya 1970. Sokoni huitwa jibini ya Goma, na pamoja na vita vyote vilivyopita huko, bado inatengenezwa. Nyingi ya hizi huuzwa changa, kwa hiyo ladha yake ni ya upole.

Jitengenezee nyumbani

Kama mfuko hauruhusu, lita moja ya maziwa inatosha. Chemsha maziwa yenye mafuta yake yote mpaka yatokote. Punguza moto, tia maji ya limao vijiko 2 vya chakula, kidogo kidogo, huku ukikoroga polepole. Yatakatika: mabonge meupe upande mmoja, maji ya kijani-njano upande mwingine. Yasipokatika, ongeza kijiko cha limao. Zima moto, subiri dakika 5, mimina kwenye chujio lenye kitambaa safi cha pamba. Suuza kwa maji baridi ya kunywa ili uchachu wa limao utoke, kamua, kisha kandamiza kwa sufuria yenye maji kwa nusu saa.

Utapata kipande cha gramu 150 hadi 200. Hii ndiyo paneer. Iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku 2 au 3. Yale maji usiyamwage, kandia unga wa chapati.

Kabla hujampa mtoto

Hapa naomba tusome taratibu.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuanza vyakula vingine anaweza kuonja jibini isiyo kali, iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu. Isiyo na uhakika huo mwache nayo muuzaji, hata akikuapia. Maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, ambao kwa binadamu huleta homa za muda mrefu. Watoto wadogo na wajawazito pia wajiepushe na jibini laini zenye ngozi ya ukungu kama brie na camembert, na zile laini za bluu.

Usimpe mtoto mdogo jibini iliyokatwa vipande vya mraba, vinaweza kumkaba. Ikwaruze kwa kikwaruzio cha karoti au ikate nyembamba. Iliyoyeyuka na kuvutika kama uzi, ikate kwanza kwa uma.

Kama mtoto huumwa tumbo akinywa maziwa kwa sababu ya ile sukari yake, gouda na cheddar zina sukari kidogo sana, na wengi huzivumilia. Lakini anayevimba, kuota vipele au kukosa pumzi akitumia maziwa, huyo ana mzio wa protini, na protini hiyo imo kwenye jibini pia. Mpeleke kwa daktari, usimjaribishe mwenyewe.

Kwa familia za Kiislamu, jibini nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho zamani kilitoka kwenye tumbo la ndama. Siku hizi viwanda vingi hutumia kinachotokana na vijidudu. Tafuta alama ya halali au uliza. Ile ya limao haina swali hilo.

Na kiasi? Kipande cha gramu 30 cha gouda kina kalsiamu ya kama miligramu 200, karibu theluthi mbili ya ile ya kikombe cha maziwa. Kwa mtoto mdogo hicho kinatosha kwa siku, maana jibini ina chumvi na mafuta pia. Ukungu ukiota kwenye jibini ngumu, kata pande zote kwa upana wa vidole viwili na utumie iliyobaki. Ukiota kwenye jibini laini, tupa yote.

Usimlazimishe

Jambo la mwisho nililojifunza kwa mama mkwe. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla hawajakikubali, na sisi wengi hukata tamaa ya tatu. Weka kidogo pembeni ya chakula anachokipenda. Kula wewe mwenyewe, ongea mambo mengine. Akikataa, iondoe bila maneno, ujaribu tena wiki ijayo.

Mwanangu sasa ana miaka mitatu na nusu. Maziwa ya kikombe bado hataki, na nimeacha kumsumbua nayo. Lakini asubuhi hula mkate wenye gouda iliyokwaruzwa, na jioni ya Jumamosi tunakamua paneer pamoja, yeye akishikilia chujio. Kliniki mara ya mwisho mstari wake kwenye kadi ulikuwa umepanda. Nilimpigia bibi yake Njombe kumweleza.

"Nilikwambia," alisema. "Haya, mwezi ujao nakuja na duara zima."