Mwenye Kiwanda Aliyetunga Tuni za Waumini

Maneno ya wimbo tunaoujua kama "Usinipite Mwokozi" aliyaandika Fanny Crosby, mshairi Mmarekani aliyekuwa kipofu. Tuni ni ya William Howard Doane, ambaye hatajwi sana. Alizaliwa Preston, Connecticut, mwaka 1832, akafariki 1915. Muziki haukuwa riziki yake: aliongoza J. A. Fay, kampuni ya mashine za useremala mjini Cincinnati, na akamiliki hataza zaidi ya 70 za uvumbuzi. Tuni zake, zaidi ya 2,000, zilipata nafasi kando ya shughuli hizo.

Kwa miaka mingi Doane alisimamia shule ya Jumapili ya kanisa la Kibaptisti la Mount Auburn, akawazoea waimbaji wasiosoma noti. Crosby alisimulia kwamba mwaka 1868 Doane alimfikia New York akiwa na dakika 40 tu kabla ya treni, akampigia tuni mpya. Muda haujaisha, maneno ya "Safe in the Arms of Jesus" yakawa tayari.

Ufundi wake unaonekana vizuri katika "Usinipite", tuni iliyochapishwa 1870. Sauti ya mstari wa kwanza inarudi katika mstari wa tatu, kisha kiitikio kinafungwa kwa sauti zilezile zilizofunga ubeti. Kabla ya ubeti wa pili, mgeni ameshasikia wazo moja mara tatu. Besi nayo haiendi mbali na do, fa na so. Wapo wanaouona urahisi huo kuwa udhaifu, lakini ndio unaomwezesha mtu asiye na kitabu kuingia bila kusitasita.

Mstari wa kwanza una mizani nane, kipimo kilekile cha utenzi wetu, hivyo Kiswahili kilienea humo bila kubanwa. Mkazo ndio uliogoma. Katika "usinipite" sisi hukazia "pi", ilhali pigo zito la Doane linaangukia "te". Mwalimu wa kwaya asiiguse tuni kwa sababu hiyo. Awafundishe waimbaji kuilegeza "te" na kuliachia "ko" la "Mwokozi" uzito wote, kwa kuwa hapo pigo na mkazo vinakutana.