Je, Wajua? Dawa Mbili na Sukari Iliyojificha

Paroxetine hutibu sonona, pravastatin hushusha kolesteroli. Kila moja peke yake haipandishi sukari ya damu. Zikimezwa pamoja, inapanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza hatari hiyo mwaka 2011, baada ya kompyuta kupekua lundo la taarifa za madhara ya dawa. Rekodi za hospitali na majaribio ya panya yakathibitisha.

Linalogusa moyo ni hili: uchunguzi wa 2013 ulipitia maneno waliyoyatafuta kwenye intaneti watu milioni 6 waliokubali kuchunguzwa. Waliotafuta dawa zote mbili walitafuta pia dalili za sukari kupanda zaidi kuliko waliotafuta moja tu. Maneno hayo yaliandikwa mwaka 2010, kabla ya tangazo lolote.