Mtumishi Mwenye Duka

Mtu apitaye katika kata ya Miyuji, kaskazini ya mji wa Dodoma, akiifuata barabara iendayo Kondoa na Arusha, ataona kwamba nyumba nyingi zina kitu cha ziada: fremu mbili tatu za duka, safu ya vyumba vya kuwapangishia wanafunzi wa Chuo cha Mipango, au banda la kuku nyuma ya ukuta, na aghalabu mwenyewe ni mtumishi, aliyekwisha kuondoka alfajiri kwenda kazini, akayaacha yote hayo mikononi mwa watu wengine.

Mambo hayo, lau mtumishi huyo angalikuwa na cheo zama za baba yake, yangaliweza kumtia matatani. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliwawekea viongozi miiko: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, wala asiwe na nyumba ya kupangisha, na hesabu ya viongozi ikawaingiza hata watumishi wa serikali wa vyeo vya juu na vya kati, tena ikamjumlisha mume pamoja na mkewe, ili mtu asije akajificha nyuma ya jina la mwenzi wake. Lakini katika miaka ya themanini, bei zilipopanda hata mshahara wa mwezi usiweze kuilisha nyumba mwezi mzima, watumishi waligeukia mifugo, bustani, cherehani na maandazi, miiko ikabaki katika maandishi. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ilipokutana Zanzibar, ikailegeza. Na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo haimzuii kiongozi kuwa na mali, ila yamtaka aitangaze pamoja na madeni yake. Naona badiliko hilo lilikuwa la lazima, ijapokuwa lilimtwika kila mtu kazi ya kujipimia mwenyewe.

La kupimwa kwanza ni wasaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yaweka saa 45 za kazi kwa juma kuwa ndizo ukomo wa saa za kawaida, na saa hizo ni amana ya mwajiri. Sasa mkazi wa Miyuji ambaye ofisi yake iko katika Mji wa Serikali, Mtumba, sharti aukate mji mzima kwenda na kurudi, na saa asizokuwapo nyumbani ndizo hasa saa ambazo kuku huugua na wateja hufika dukani. Kwa sababu hiyo mimi sina imani kubwa na kuku wa nyama kwa mtu aliyeajiriwa: ni kiumbe asiyengoja Jumamosi. Vyumba vya wanafunzi havina haraka namna hiyo. Zabibu nazo, ambazo katika ardhi ya Dodoma huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, zina kazi kubwa kubwa za kupogoa na kuvuna ambazo majira yake hujulikana mapema, hata mwenye shamba Hombolo au Mpunguzi aweza kuzipangia likizo yake ya siku 28. Lakini rasilmali yake hulala ardhini muda mrefu kabla ya mzabibu kuzaa, na mwenye papara hatauweza.

La pili, mgongano wa maslahi, halihitaji maneno mengi. Afisa wa ununuzi akiiuzia idara yake karatasi kutoka duka la mkewe, hata kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni, amekwisha kukosea, maana amekuwa muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja. Na aliye katika ajira ya mtu binafsi ausome mkataba wake, kwa kuwa waajiri wengine hukataza shughuli ifananayo na yao.

Ama lile liangushalo wengi ni hesabu. Tuseme duka, baada ya kutoa gharama ya kununulia bidhaa, humpatia mwenyewe shilingi 300,000 kwa mwezi. Pango la fremu ni 80,000, kijana wa dukani hulipwa 120,000, na umeme 20,000. Zabaki 80,000, na mwenye duka hufurahi. Lakini kila mwisho wa mwezi yeye huyo hutoa 100,000 katika mshahara wake ili kujaza rafu, na haoni ni kwa nini bidhaa zimepungua, ilhali sabuni, sukari na mafuta ya nyumbani kwake yamekuwa yakitoka dukani bila kuandikwa. Duka hili halijamlisha mtu. Lalishwa, kama ng'ombe mzee asiye na maziwa. Dawa yake ni daftari mbili na akaunti mbili, na kila akichukuacho mama watoto kiandikwe kwa bei ya mteja, ijapokuwa jambo hilo huleta manung'uniko nyumbani.

Kodi nayo ina mtego wake. Wafanyabiashara wadogo huzoea makadirio mepesi yanayofuata mauzo ya mwaka, na mtumishi huyadhania kuwa yake pia; lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imemwekea utaratibu huo mtu ambaye pato lake lote latokana na biashara. Mwenye mshahara, hata kama mwajiri amekwisha kumkata kodi kila mwezi, ana mapato ya namna mbili, na yampasa aende Mamlaka ya Mapato na daftari zake, aeleze ajira na biashara pamoja, akadiriwe juu ya faida. Kwa afuataye mwaka wa kalenda, makadirio hayo hupelekwa kabla ya Machi kwisha na kodi hulipwa kwa awamu nne, kwa hiyo fedha za awamu ya kwanza ni vema zitengwe tangu Januari, mwezi ambao ada za shule nazo hubisha hodi.