Chembe nyeupe chache si lazima uwe mgonjwa

Majibu ya damu yalinikuta kazini Dallas: chembe nyeupe 3,400, alama nyekundu pembeni. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuanzia kama 4,000. Nikampigia mama, Houston.

"Hata zangu ziko hivyo, mwanangu. Walinitoboa mfupa kutafuta kansa, hawakuona kitu."

Kumbe wengi wetu wenye asili ya Afrika hatuna alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Mtu wa hivyo huwa na nyutrofili chache kwenye damu. Inadhaniwa nyingine zimehamia kwenye tishu, na kinga yake iko sawa.

Usipuuze, ila usipaniki. Mpelekee daktari majibu yako ya zamani, umuulize kipimo cha Duffy. Ukiwa na homa, usisubiri.