Reli ya Mjini Yatuhusu Nini Sisi wa Kijijini?



Katika mkutano mmoja wa vikundi hapa Mumbuni tulikuwa tunazungumza juu ya kupeleka mboga na maembe Nairobi. Kijana mmoja akasema kuna miji iliyo na treni za umeme zinazopita katikati ya mji, na foleni ya magari haizisumbui kamwe. Mama mmoja mzee akamkatiza: "Mwanangu, hiyo reli ya mjini yatuhusu nini? Mimi shamba langu liko hapa."

Watu walicheka, lakini swali lile ni zuri. Tulijibu pamoja, hatua kwa hatua.

NYOKA WA SYOKIMAU

Wazee wetu husimulia habari za Syokimau, mwanamke wa Ukambani aliyetabiri kwamba nyoka mrefu atatoka baharini akitoa moshi na kuivuka nchi. Nyoka huyo alikuja kweli. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901.

Wakati huo Machakos ndiyo ilikuwa makao ya serikali ya kikoloni katika sehemu hizi. Nairobi ilikuwa mahali pa maji na matope tu. Lakini reli ilipita kwenye tambarare za Kapiti na Athi, ikaiacha Machakos pembeni na milima yake. Mwaka wa 1899 makao hayo yakahamishwa kutoka Machakos hadi Nairobi. Leo kila asubuhi ni sisi tunaokimbilia Nairobi kutafuta kazi na soko.

Basi tazama: mstari mmoja kwenye ramani uligeuza maisha ya miji miwili. Na mkulima wa Ukambani hakuulizwa kitu.

RELI NYEPESI NI NINI?

Reli nyepesi si treni ya mizigo, wala si ile ya safari ndefu kama SGR ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017. Ni treni ndogo ya abiria, mara nyingi ya umeme unaotoka kwenye nyaya zilizo juu yake. Vituo vyake viko karibu karibu, kama vya matatu. Ina njia yake yenyewe, kwa hiyo haingoji msongamano wa magari. Treni moja huchukua abiria wa matatu nyingi kwa mara moja.

Hapa Kenya tulicho nacho karibu na hiyo ni treni za abiria za Nairobi. Mnamo Novemba 2012 Rais Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, ambayo iko ndani ya kaunti yetu ya Machakos, upande wa Mavoko. Imepewa jina la yule yule mama mtabiri. Mwaka wa 2020 treni zingine ziliongezwa, zilizokuwa zimetumika Uhispania. Treni hizo ni za dizeli, lakini kazi yake ni ile ile: mtu kuacha gari au kushuka matatu pembeni mwa mji na kuingia mjini kwa reli.

KAZI HUANZA WAPI?

Wengi wetu hudhani reli huanza siku tingatinga linapofika. Siku hiyo mambo makubwa yameshaamuliwa. Hatua ni hizi:

1. Kuhesabu watu. Wataalamu huchunguza watu hutoka wapi, huenda wapi, saa ngapi, na wanaweza kulipa nauli gani.

2. Kuchagua njia. Huchorwa njia mbili tatu na kulinganishwa. Hapa ndipo huamuliwa nyumba zipi zitavunjwa, soko lipi litapata stesheni, na lipi litaachwa.

3. Kupima madhara. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka mradi kama huu uchunguzwe kabla ya kuanza, na wananchi watoe maoni yao.

4. Ardhi na pesa. Mashamba yanayotakiwa hutangazwa, fidia hukadiriwa, na serikali hutafuta mkopo.

5. Kujenga. Madaraja, mataruma, vyuma, nyaya, stesheni.

6. Kuendesha na kutunza. Hatua hii haina mwisho, na ndiyo husahauliwa.

Sauti ya mwananchi ina nguvu katika hatua ya pili na ya tatu. Ikifika ya tano, kinachobaki ni kulia.

MFANO WA JIRANI: ADDIS ABABA

Majirani zetu wa Ethiopia walijenga reli nyepesi ya umeme katika mji wao mkuu, ikafunguliwa mwaka wa 2015. Ina njia mbili, moja ya kaskazini hadi kusini na nyingine ya mashariki hadi magharibi. Urefu wote ni kama kilomita 34. Iligharimu dola milioni 475 hivi, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo kutoka China. Kampuni ya Kichina ilijenga kwa muda wa kama miaka mitatu. Nauli iliwekwa chini ili maskini aweze kupanda, na watu walijaa.

Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini baada ya miaka michache shida zilianza. Treni zilizonunuliwa ni 41, na nyingi kati yake zilisimama kwa kukosa vipuri na matengenezo. Nauli haikutosha kulipa gharama. Vipuri vilihitaji pesa za kigeni, na pesa hizo hazikupatikana kwa urahisi. Tena, mahali ambapo reli ilipita chini chini ikiwa na kizuizi pande zote, mtaa uligawanyika. Mtu aliyezoea kuvuka barabara kwenda dukani alilazimika kuzunguka mpaka mahali pa kuvukia.

Je, si tunaijua hadithi hii? Nimefanya kazi na kikundi kimoja kilichochanga harambee kikanunua pampu ya maji. Siku ya kufungua palikuwa na nyimbo na mbuzi akachinjwa. Baada ya mwaka mmoja mpira wa pampu ulikatika, na hakuna aliyekuwa ameweka hata shilingi ya kununua mwingine. Pampu iko mpaka leo, kuku hutaga ndani yake. Pampu ya kikundi na treni ya Addis zina somo moja: hesabu ya mradi haiishi siku ya kukata utepe.

SASA LATUHUSU VIPI?

Kwanza, deni. Reli ikijengwa kwa mkopo, anayelipa ni kila anayenunua sukari na mafuta ya taa, hata yule ambaye hatapanda treni maisha yake yote. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza bei.

Pili, mchanga na mawe. Ujenzi mkubwa wa Nairobi umekuwa ukimeza mchanga wa mito ya Ukambani kwa miaka mingi. Mchanga ukiisha mtoni, maji nayo huondoka, na mama huchimba kisima kirefu zaidi. Hapo mradi umekufikia hata kama reli iko mbali.

Tatu, ardhi. Mji hutambaa kufuata reli. Pale stesheni ilipo, wanunuzi wa mashamba hufika kabla ya treni. Mwenye habari huuza kwa bei nzuri au hukataa kuuza. Asiye na habari huuza kwa bei ya mbuzi wawili, halafu mwaka unaofuata anaona ghorofa.

SHAMBA LIKITAKIWA

Katiba ya 2010, Kifungu cha 40, inasema serikali inaweza kuchukua ardhi kwa faida ya umma, lakini ni lazima ilipe fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaeleza utaratibu. Tume ya Taifa ya Ardhi hutoa tangazo katika Gazeti Rasmi, halafu huitisha kikao cha kusikiliza wenye ardhi na madai yao. Hata anayeishi mahali kwa nia njema bila hati anaweza kufikiriwa.

Lakini nimeona familia ikikwama mahali pamoja: hati ya shamba bado ina jina la babu aliyekufa zamani. Watoto na wajukuu wamegawana kwa mdomo, kila mmoja anajua mpaka wake kwa mti wa mukuyu. Fidia ikija, italipwa kwa nani? Hapo ndugu huanza kushtakiana, na mjane husukumwa nje. Haya si mambo ya kungoja reli. Kama urithi wa shamba lenu haujaenda mahakamani, anzeni sasa, kwa chifu na kwa ofisi ya ardhi, mkiwa bado mnasalimiana.

TUFANYE NINI?

Wale waliojenga matuta ya milima yetu kwa mwethya hawakungoja mtu wa kuwaokoa. Walipima, wakagawana kazi, wakachimba. Kufuatilia mradi wa serikali kunataka moyo ule ule.

Kila kikundi kichague watu wawili, mmoja kijana na mmoja mama, wa kufuatilia matangazo kwa chifu, kwenye kaunti na magazetini. Mkutano wa maoni ukitangazwa, msiende mikono mitupu. Andikeni hoja zenu kwenye karatasi, mweke sahihi, mbaki na nakala. Maneno ya mdomo husahauliwa, karatasi hubaki kwenye faili.

Na yule mama mzee? Tulipomaliza alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Basi hiyo ramani ikichorwa, niitwe nione kalamu inapita wapi." Hilo ndilo jibu la swali lake mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja mradi mmoja uliokuja hapa kwetu. Tuliusikia katika hatua gani kati ya zile sita?
2. Ni nani kati yetu ambaye hati ya shamba lake bado ina jina la marehemu? Tutamsaidiaje?
3. Mradi wa kikundi chetu umewekewa pesa za matengenezo? Ni kiasi gani, na nani anazitunza?
4. Kama tungeulizwa leo njia mpya ya usafiri ipite wapi, tungesema nini, na kwa sababu gani?