Kioo cha gari kinapolia: namna ya kutambua kasoro kabla ya kununua spea

Kwa wanaosafiri kati ya mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, dirisha la gari halina mapumziko. Hufungwa lori linapopita na kuacha wingu la vumbi, hufunguliwa jua linapokuwa kali, kisha huteremshwa tena dereva anaposimama kuzungumza na abiria. Kazi hiyo ikiendelea msimu baada ya msimu, kioo kilichokuwa kikipanda kimya huanza kukwaruza, kutetema au kugonga ndani ya mlango.

Sauti hiyo ni zaidi ya usumbufu wa masikio. Kioo kinachokwama katikati jioni humwachia mwenye gari usiku mzima wa wasiwasi juu ya mvua na wezi. Ikiwa gari hilo ndilo linaloleta riziki nyumbani, kila siku linapolala gereji ni siku isiyo na mapato. Zaidi ya hayo, mteja asiyeweza kueleza kasoro ya gari lake anaweza kujikuta akilipia mota mpya, ilhali kilichohitajika ni maji, sabuni na kitambaa.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya mlango, maana ya kila sauti, na hatua za kufuata kabla ya kupeleka gari kwa fundi, awe yuko Nakivale kwenyewe au Kamukuzi mjini Mbarara.

Ndani ya mlango kuna nini?

Dirisha la umeme lina sehemu nne kuu. Ya kwanza ni swichi, inayopeleka umeme. Ya pili ni mota, ambayo ni ndogo lakini ina nguvu. Ya tatu ni kifaa ambacho mafundi wengi hukiita mashine ya kioo: ndicho kinachogeuza mzunguko wa mota kuwa mwendo wa kupanda na kushuka. Ya nne ni raba zinazokishika kioo pande zote mbili na juu, ambazo kwa ndani zina njia nyembamba ambamo kioo huteleza.

Mashine ya kioo huwa ya aina mbili. Moja ina mikono ya chuma inayofunguka na kufunga kama mkasi. Nyingine hutumia waya mwembamba wa chuma unaozunguka kwenye makapi madogo na kuvuta kibanio kinachoshika kioo kwa chini. Ya mikono huvumilia zaidi, lakini hulia grisi inapokauka. Ya waya huwa nyepesi na tulivu, lakini waya ukianza kukatika nyuzi, au plastiki yake ikipasuka, huharibika kwa haraka.

Magari mengi yanayotumika Uganda yalinunuliwa Japani yakiwa yameshatumika, kwa kuwa nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto na usukani huwa kulia. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lililofikisha umri wa miaka 15, lakini yaliyoingia kabla ya hapo bado yako barabarani, na umri huo huonekana kwanza kwenye raba na plastiki. Katika magari hayo, kioo cha dereva ndicho kinachotumika mara nyingi zaidi, na kwa kawaida ndicho huchakaa kabla ya vingine.

Kwa nini vumbi ni adui mkubwa?

Vumbi la barabara ya murram lina chembe ngumu za mchanga. Kioo chenye vumbi kinapoteremshwa, chembe hizo hubebwa hadi ndani ya raba na kubaki humo. Kila kioo kinapopanda, hukwaruzwa kidogo, raba huliwa kidogo, na mota hulazimika kutumia nguvu zaidi. Hivyo basi, raba chafu ikiachwa kwa muda mrefu huweza kuua mota iliyokuwa nzima.

Mvua nayo ina madhara yake. Maji yanayopita pembeni mwa kioo huingia ndani ya mlango, kisha hutoka kupitia matundu madogo yaliyo chini yake. Tope likiziba matundu hayo, maji hukusanyika na kutia kutu bolti, waya na mota. Ukifungua mlango na kusikia maji yakicheza ndani, zibua matundu hayo kwa kijiti kabla ya kushughulikia jambo jingine lolote.

Jaribio la kwanza: simama mahali patulivu

Simamisha gari mbali na kelele, zima injini, kisha washa swichi kuu ili umeme ufike kwenye madirisha. Funga milango yote. Teremsha kioo chenye kasoro hadi mwisho, kipandishe hadi juu, halafu fanya vivyo hivyo kwa kioo cha mlango wa upande wa pili. Kioo kizima ndicho kipimo chako: linganisha sauti na mwendo wa viwili hivyo, na uhesabu sekunde ambazo kila kimoja huchukua kupanda.

Jiulize maswali matatu. Je, sauti husikika kioo kikipanda tu, au pia kikishuka? Je, husikika njia nzima, au mahali pamoja tu? Je, kioo hupanda kikiwa kimenyooka, au hulala upande mmoja? Majibu hayo matatu hupunguza sana orodha ya vinavyoweza kuwa vimeharibika.

Kila sauti na maana yake

Mkwaruzo au mlio mwembamba unaosikika njia nzima, kioo kikiwa kimenyooka, kwa kawaida hutokana na raba kavu au chafu. Kuthibitisha, lowesha kioo pande zote mbili kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha kipandishe na kukishusha. Sauti ikipungua au kubadilika, tatizo liko kwenye raba, na mlango hauna haja ya kufunguliwa.

Mgongo wa sauti ya "tak" kioo kinapoanza kuondoka, au mtikisiko gari linapopita kwenye mashimo, huashiria kitu kilicholegea. Teremsha kioo hadi katikati, kishike kwa viganja ndani na nje, kisha kitikise taratibu. Kikicheza sana kuliko cha upande wa pili, huenda bolti za kibanio zimelegea au raba imechakaa. Ikiwa kioo kimetulia na sauti ingali ipo, kagua kava ya ndani ya mlango na spika ya redio.

Sauti ya kusaga au kutatarika, hasa kioo kikienda upande, ni onyo kubwa. Waya unaweza kuwa umeanza kukatika nyuzi, au plastiki ya kibanio imepasuka. Acha kukitumia mara moja. Kila ukibonyeza swichi tena, waya huzidi kujisokota, na kioo kinaweza kuporomoka ndani ya mlango.

Mota ikivuma ilhali kioo hakisogei, umeme unafika, ila kilichokatika ni kiungo kati ya mota na kioo: waya, kibanio, au meno ya gia.

Kama hakuna sauti kabisa, tazama taa ya ndani ya gari usiku huku ukibonyeza swichi. Taa ikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota, lakini mota imekwama au imechoka. Taa isipobadilika, chunguza fyuzi, swichi na nyaya zinazopita kwenye bawaba za mlango. Kwa mlango wa abiria, jaribu pia kukipandisha kioo kwa kutumia swichi iliyo upande wa dereva. Kikipanda kwa swichi hiyo na kikakataa kwa ile ya mlangoni, swichi ya mlangoni ndiyo mbovu.

Mluzi wa upepo gari likienda kasi, kioo kikiwa kimefungwa, hauhusiani na mota. Weka kipande cha karatasi juu ya kioo, kifunge, kisha vuta karatasi hiyo. Ikitoka bila kukinza, hapo kuna mwanya: raba imelala, au kioo hakifiki juu sawasawa.

Dawa ya kwanza: kusafisha raba

Teremsha kioo hadi chini. Chukua kijiti bapa, kizungushie kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji ya sabuni, kisha kipitishe ndani ya njia ya raba kutoka juu hadi unapofika. Badilisha kitambaa mara kwa mara, hadi kitoke bila wekundu wa vumbi. Malizia kwa kitambaa chenye maji matupu, halafu acha raba ikauke.

Baada ya kukauka, puliza silikoni maalumu ya raba kwa kiasi kidogo, kisha pandisha na ushushe kioo mara kadhaa ili ienee. Futa iliyobaki kwenye kioo.

Usitumie mafuta ya injini, dizeli wala petroli. Mafuta ya aina hiyo huidhoofisha raba na kuifanya ivimbe, nayo hunasa vumbi hadi likawa tope la kusagia. Ikiwa silikoni haipatikani, raba safi isiyopakwa kitu ni bora kuliko raba iliyopakwa mafuta yasiyofaa.

Mlango unapolazimika kufunguliwa

Ikiwa usafi haukuleta nafuu, kava ya ndani ya mlango itatolewa. Anayefanya kazi hiyo aondoe kwanza waya hasi wa betri, avae glavu kwa kuwa kingo za bati la mlango hukata, na akifunge kioo kwa utepe imara juu ya fremu ili kisianguke. Skrubu hujificha nyuma ya kishikio na chini ya pahali pa kuegemeza mkono. Vibanio vya plastiki huachia kava inapovutwa kwa utaratibu. Karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya kava ndiyo inayozuia maji kuingia ndani ya gari. Isitupwe, bali ibandikwe tena kama ilivyokuwa.

Ndani, hatua za kwanza ni kukaza bolti zilizolegea, kufuta grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi, na kupaka mpya kwenye reli, mikono na magurudumu madogo. Mara nyingi hapo ndipo kelele huisha. Waya uliokatika nyuzi hauungwi. Hubadilishwa, na aghalabu mashine nzima hubadilishwa pamoja nao.

Kuna hatari moja ambayo haipaswi kupuuzwa. Baadhi ya mashine za mikono zina springi yenye nguvu nyingi. Mota ikifunguliwa kabla gia ya mashine haijafungwa imara, springi hiyo hufyatuka na inaweza kuvunja vidole. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye uzoefu.

Kumweleza fundi na kununua spea

Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958, hukutanisha watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Aliyejifunzia udereva Bukavu au Bujumbura huenda anajua majina ya vifaa kwa Kifaransa, ilhali fundi wa Mbarara anayajua kwa Kiingereza na Kinyankole. Kiswahili huwakutanisha, lakini si kila neno la gereji linafahamika kwa wote wawili.

Hata hivyo, si lazima kujua jina la kila kifaa. Mweleze fundi mambo manne: ni mlango upi, kioo hulia kikipanda au kikishuka, sauti ni ya aina gani, na ni jaribio gani umeshalifanya. Irekodi sauti hiyo kwa simu, maana kasoro nyingine hunyamaza mara gari linapofika gereji. Kusema "nililowesha kioo, sauti haikubadilika" humwonyesha fundi kwamba raba imeshachunguzwa, na mazungumzo ya bei huanzia mahali pengine.

Omba kuonyeshwa kifaa kibovu kabla hakijabadilishwa. Ukinunua kilichotumika, hakikisha ni cha mlango uleule, kushoto au kulia, mbele au nyuma, na kwamba plagi ya mota inafanana na ya zamani. Mota ijaribiwe kwa betri pande zote mbili za mzunguko kabla ya fedha kutolewa.

Baada ya betri kurudishwa, baadhi ya magari husahau mahali kioo kinapokomea. Funga kioo hadi juu, kisha endelea kushikilia swichi kwa sekunde chache ili mfumo ujipange upya. Kitabu cha gari hueleza utaratibu kamili.

Wakati wa kusubiri matengenezo

Kioo kikikwama chini, mtu mmoja abonyeze swichi huku mwingine akikisaidia kupanda kwa viganja viwili. Kikifika juu, kifungwe kwa utepe, na swichi yake isiguswe. Panapo fyuzi ya peke yake kwa mlango huo, iondolewe, ili mtoto asikishushe kwa bahati mbaya.

Watoto ndio walio hatarini zaidi. Madirisha mengi ya magari ya zamani hayasimami yanapokutana na mkono au shingo. Dereva afunge madirisha ya nyuma kwa kitufe cha kuzuia kilicho mlangoni mwake, na asiwaache watoto garini swichi kuu ikiwa imewashwa.

Kwa wanaopita kila siku njia za vumbi, kinga rahisi kuliko zote haihitaji fundi wala spea: futa kioo kabla ya kukiteremsha. Kitambaa kilichowekwa karibu na usukani, pamoja na kuosha raba mara kwa mara katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, kitaiongezea mota maisha na kukuepusha na safari ya gereji.