Pesa ya Mizani Isisuguliwe

Ada ya nyumba zetu za pwani haikubali shaba ifubae. Sinia, birika na dele la kahawa husuguliwa kwa ukwaju au ndimu, kwa majivu na kumbi la nazi, mpaka ving'ae kwa ajili ya Idi au harusi. Ada hiyo ni njema, nasi hatuipingi. Lakini inapotoka jikoni ikaingia katika kijaluba cha bibi, huleta hasara isiyofidika. Kwani sarafu ya kale ya shaba ikishasuguliwa imekwisha kuharibika, wala hapana fundi awezaye kuirudisha ilivyokuwa.

Tunayoikusudia hapa ni pesa ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja na pwani yetu hii tangu 1870 hadi 1888. Upande mmoja una jina la Sultani kwa Kiarabu, pamoja na kumwombea hifadhi ya Mwenyezi Mungu. Upande wa pili una mizani, na chini yake mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1881 na 1882 kwa hesabu ya Miladi. Mizani hiyo haikubuniwa Unguja. Katika miaka ya 1830 Kampuni ya India Mashariki ilikuwa imekwisha kutoa robo ana za Bombay zenye mizani na neno la Kiarabu lenye maana ya uadilifu katikati ya vitanga. Hata neno letu "pesa" asili yake ni paisa ya Kihindi. Pesa 64 zilikuwa rupia moja, na sarafu hizi zilikuwa ndizo za sokoni, za kununulia mchicha na chumvi. Ndiyo maana nyingi zimechakaa.

Huenda msomaji akauliza haya yanaihusu nini familia. Yanaihusu kwa sababu vitu hivi hurithiwa, na mirathi ni haki za watu. Ndugu wakikaa kugawana yaliyomo kijalubani, kaka akajichagulia zinazong'aa na dada akaachiwa zilizopiga weusi, hakuna aliyejua nani kapata nini. Na mjane anapobishiwa hodi na mnunuzi anayemwambia kuwa vipande vyake ni vichafu na havina kazi, yampasa awe na macho yake mwenyewe.

Kuipima sarafu ni kujibu maswali mawili, na kosa kubwa la watu ni kuyachanganya. Swali la kwanza ni kuchakaa: imelika kiasi gani kwa kupita mikononi? Swali la pili ni hali ya uso wake: rangi, kutu, mikwaruzo. Pesa yaweza kuwa haikulika hata kidogo na uso wake ukawa umeoza. Nyingine yaweza kuwa imelika sana na uso wake ukawa safi, tulivu, wa kupendeza. Sisi tungeichagua hii ya pili.

Kwa kuchakaa, ishike ukingoni kwa vidole viwili, usiguse uso, kisha simama karibu na dirisha ili mwanga uiangukie kwa ubavu. Tazama kwanza sehemu zilizoinuka, kwani ndizo zinazolika mwanzo: mti wa mizani na midomo ya vitanga kwa upande mmoja, migongo ya herufi kwa upande mwingine. Kama nyuzi za vitanga zaonekana moja moja na herufi zina kingo kali, sarafu haikutembea sana. Kama mizani imebaki kivuli na tarehe yasomeka kwa shida, imefanya kazi yake sokoni miaka mingi.

Hapo lipo neno linalowahadaa wengi. Katika lugha ya wauzaji wa Kiingereza, daraja wanayoiita "nzuri" ni ya sarafu iliyochakaa sana, karibu na mwisho wa ngazi. Wapo pia wanaotumia alama kuanzia 1 hadi 70. Alama hizo alizitunga Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akikusudia kwamba yenye 70 iwe na thamani mara sabini ya yenye 1. Bei zilikwisha kuacha hesabu hiyo zamani, ila namba zimebaki.

Uso ndio wenye maneno mengi. Shaba mpya ni nyekundu, na hewa huigeuza taratibu ikawa rangi ya kahawa, kisha nyeusi. Weusi huo si uchafu. Ni ngozi nyembamba iliyoshikamana na madini, nayo huikinga shaba iliyo chini yake. Sarafu iliyooshwa kwa ukwaju hujulikana mara moja na ajuaye: ina wekundu wa waridi usio wa kawaida, sawasawa kila mahali, huku weusi umejificha mabondeni mwa herufi. Ukiigeuza mwangani utaona mikwaruzo myembamba imelala upande mmoja kama nyayo za ufagio uani. Sarafu ambayo haikuguswa, na iliyohifadhi mng'ao wake wa asili, huuzungusha mwanga juu ya uso kama vijiti vya gurudumu.

Ukijani nao una namna mbili. Uliokauka, mgumu na laini kama rangi ya mlango, hauna madhara makubwa. Wa kuogopwa ni ule ungaunga wa kijani hafifu ambao ukiupangusa hurudi tena na kuacha vishimo. Huo hutokana na chumvi, nasi twaishi na upepo wa bahari. Itenge sarafu hiyo na wenzake, uiweke pakavu kabisa. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu vyafaa sana. Kama ni vumbi tu, yatosha kuitia katika maji yaliyotoneshwa, kisha kuikausha kwa kuigusagusa na kitambaa laini bila kusugua. Mifuko laini ya plastiki isitumike, kwani baadhi yake hutoa tindikali na kuacha utando wa kijani unaonata. Karatasi isiyo na tindikali ni bora.

Na iliyokwisha kusuguliwa, au kutobolewa ili ivaliwe shingoni, je? Yauzika kama kawaida, lakini kwa kusema. Sheria yetu humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa aliyofichwa aibu yake, na mng'ao wa ndimu ni aibu hata kama jicho lisiloijua laiona ni uzuri. Muuzaji aandike kwenye kikaratasi, kando ya kila sarafu: mwaka, mahali ilipolika, rangi yake, kama ina tundu, kama iliwahi kusafishwa. Vikaratasi hivyo viandikwe mapema, mwenye kijaluba akiwa bado hai na akikumbuka ipi ilitoka kwa nani.